Somo: Kujifunza Kuchora Uso kwa Kunakili

Katika somo hili tunataka kuwaeleza vijana wetu, na wazee pia walio na mikono mizuri, njia ya zamani ya kujifunza kuchora uso wa mtu kwa rangi za mafuta. Njia yenyewe ni kunakili picha ya fundi mkubwa aliyetutangulia. Tumechagua picha moja ndogo ya uso wa Bwana wetu, iliyochorwa Uholanzi zaidi ya miaka 370 iliyopita. Kwanza tutaeleza kwa nini kunakili si aibu. Kisha tutaitazama picha yenyewe, tutafuata kazi hatua kwa hatua, na mwisho tutajibu hoja nzito ambayo mchoraji mmoja wa Afrika Mashariki aliitoa dhidi ya kunakili. Hoja hiyo haifai kurukwa, maana inagusa imani yetu.

1. KUNAKILI NI SHULE

Sisi tuliofundisha walimu chuoni tunajua jinsi mtoto anavyoanza kuandika. Mwalimu huandika herufi ubaoni, mtoto huifuata. Hakuna anayemwita mtoto huyo mwizi wa mwandiko. Anaiga umbo, anaiga mahali pa kuanzia na pa kuishia, hata mkono wake unazoea. Baadaye jambo la ajabu hutokea: watoto arobaini walioiga ubao mmoja wanakuwa na miandiko arobaini. Mwalimu akiokota daftari lisilo na jina, anajua mara moja ni la nani.

Ndivyo ilivyo katika uchoraji. Rubens, mchoraji mkubwa wa Antwerp, alipokwenda Madrid mwaka 1628 alikuwa amepita miaka 50 na sifa zake zimeenea Ulaya yote. Hata hivyo alisimama mbele ya picha za Titian zilizokuwa katika nyumba za mfalme, akazinakili kama mwanafunzi. Rembrandt, ambaye tutamsoma leo, aliichora Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci kwa chaki nyekundu yapata mwaka 1635. Hakuwa amefika Italia. Aliitazama katika picha ya chapa. Na mwaka 1890 Vincent van Gogh, akiwa mgonjwa hospitalini huko Saint-Rémy, Ufaransa, alichukua chapa ya Rembrandt ya kufufuliwa kwa Lazaro, akaichora upya kwa rangi zake mwenyewe.

Jumba la picha la Louvre, Paris, lilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1793, na tangu wakati huo wachoraji wameruhusiwa kunakili humo. Lakini kuna masharti. Nakala lazima iwe kubwa au ndogo kuliko picha yenyewe kwa moja ya tano, wala mtu haruhusiwi kunakili sahihi ya fundi. Tuyashike masharti hayo mawili. Yanatenganisha mwanafunzi na mwongo.

2. PICHA TULIYOICHAGUA

Rembrandt alizaliwa Leiden mwaka 1606, akafa Amsterdam mwaka 1669. Mwaka 1639 alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa Amsterdam uliokuwa na Wayahudi wengi. Baadhi yao walikuwa na asili ya Ureno na Hispania. Wengine walitoka nchi za mashariki ya Ulaya. Walikuwa majirani zake. Aliwaona wakienda sokoni na katika sinagogi.

Mwaka 1656 Rembrandt alifilisika, na maofisa wakaandika orodha ya mali yake yote, chumba kwa chumba. Katika orodha hiyo kuna kichwa kimoja cha Kristo ambacho kimeandikwa kuwa kilichorwa kwa kumtazama mtu hai. Maneno hayo machache ni mazito. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimchora Bwana kwa kufuata sura waliyorithishwa. Walitegemea hata barua moja ya kubuniwa, iliyodaiwa kuandikwa na Mrumi aitwaye Lentulo, iliyoeleza nywele zake, paji la uso na ndevu. Rembrandt alifanya jambo jingine. Wataalamu wengi wanaamini kwamba alimketisha kijana wa Kiyahudi mbele yake, akamchora huyo. Alikumbuka kwamba Bwana wetu kwa mwili alikuwa Myahudi.

Vichwa kadhaa vya namna hiyo vimesalia. Mwaka 2011 vilikusanywa kwa maonyesho yaliyoanzia Paris, yakaenda Philadelphia, kisha Detroit. Wataalamu wanabishana hata leo ni kipi cha mkono wa Rembrandt na kipi cha wanafunzi wake, kwa sababu wanafunzi walijifunza katika karakana yake kwa kunakili kazi za mwalimu wao. Kwa hiyo tunaponakili uso huu, tunaketi katika darasa la zamani sana.

Tunachagua kile kilichoko Berlin, katika jumba liitwalo Gemäldegalerie, kilichochorwa yapata mwaka 1648. Ni kidogo, chenye urefu wa kama sentimita 25, juu ya ubao wa mwaloni. Mtu ana nywele ndefu nyeusi na ndevu fupi, na nguo ya kawaida ya kahawia. Hana taji, hana mng'ao wa dhahabu kichwani. Macho yake hayatukabili kwa ukali. Ni kama mtu anayesikiliza. Picha zake nzuri zinapatikana katika vitabu na kwenye intaneti. Tafuteni iliyo kubwa na safi, mwichapishe kwa rangi.

3. VIFAA

Msidanganywe na wingi wa rangi dukani. Kwa uso huu rangi sita zinatosha: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, nyekundu kali kidogo, kahawia iliyoiva, na nyeusi. Rembrandt alitumia nyeupe iliyotengenezwa kwa risasi, ambayo ni sumu. Sisi tutumie nyeupe ya titani, isiyo na risasi.

Tunahitaji pia brashi tatu au nne, baadhi za manyoya magumu na moja laini, kibao cha kuchanganyia rangi, mafuta ya mbegu za kitani, ambayo madukani huitwa linsidi, tapentaini kidogo, matambaa ya pamba, na ubao laini au turubai iliyokazwa kwenye fremu. Kama picha ya Berlin ina sentimita 25, ubao wetu uwe wa sentimita 30 au zaidi, ili tutimize sharti la moja ya tano.

Hapa tunatoa onyo, na wazazi walisikie. Tambaa lililolowa mafuta ya linsidi likikunjwa na kutupwa pembeni linaweza kupata joto lenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Mafuta hayo hukauka kwa kuungana na hewa, na muungano huo hutoa joto. Ndani ya mafundo ya tambaa joto halina pa kutokea. Kwa hiyo kila jioni matambaa yatiwe katika mkebe wenye maji na kifuniko, au yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke. Kadhalika fungueni madirisha mnapotumia tapentaini, msile huku mkichora, na oshe mikono kila mtu kabla ya kurudi nyumbani.

4. KAZI, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kutazama. Wekeni picha ukutani siku kadhaa kabla ya kushika brashi. Jiulizeni: mwanga unatoka upande gani? Mahali penye giza kuliko pote ni wapi? Ni wapi ukingo wa uso unaonekana wazi, na ni wapi unapotea gizani? Finyeni macho nusu, mpaka vitu vidogo vipotee na yabaki maumbo makubwa ya mwanga na kivuli. Andikeni majibu katika daftari. Mtu asiyeweza kusema kwa maneno anachokiona hataweza kukisema kwa rangi.

Hatua ya pili ni kuandaa ubao. Pakeni rangi nyeupe ya msingi iitwayo jeso mara mbili au tatu, mkiisugua kwa msasa kila ikauka. Juu yake tandazeni utando mwembamba wa kahawia yenye manjano. Wachoraji wa Uholanzi walifanya hivyo juu ya mbao zao: chini chokaa na gundi, juu yake utando wa rangi ya udongo. Faida yake ni kwamba hamwanzi na weupe unaoumiza macho. Mnaanza katikati, kisha mnashuka kwenye giza na kupanda kwenye mwanga.

Hatua ya tatu ni mistari. Chapa yenu igawanyeni kwa miraba midogo ya penseli, na ubao ugawanyeni kwa idadi ileile ya miraba, ila mikubwa zaidi. Nakilini mraba mmoja baada ya mwingine kwa mkaa. Mkimaliza, geuzeni vyote viwili kichwa chini mlinganishe. Uso uliogeuzwa hauzoeleki, kwa hiyo kosa la jicho lililopanda au pua iliyopinda huonekana mara moja. Kioo pia hufanya kazi hiyo.

Hatua ya nne Waholanzi waliiita kwa jina linalomaanisha rangi mfu. Kwa kahawia tu, iliyolainishwa kwa tapentaini, chorani mwanga na vivuli vyote vya uso. Hakuna wekundu wa mdomo wala rangi ya ngozi. Uso utaonekana kama wa mtu asiye na damu, na hapo vijana wengi hukata tamaa wakakimbilia rangi. Msikimbie. Picha iliyosimama vizuri katika kahawia itasimama hata mwisho. Iliyolegea hapa haitaokolewa na rangi yoyote. Acheni ikauke siku kadhaa.

Hatua ya tano ni kuipa uhai. Changanyeni nyeupe, manjano ya udongo na nyekundu kidogo kwa sehemu za mwanga. Ongezeni kahawia na nyeusi kidogo kadiri mnavyoelekea kivulini. Siri kubwa ya Rembrandt iko hapa: vivuli vyake ni vyembamba, rangi imetandazwa mpaka tabaka la chini linaonekana, mwanga wake ni mzito, rangi imewekwa kwa brashi iliyojaa. Kwa hiyo paji la uso, mfupa wa shavu na pua husogea mbele, na vivuli hurudi nyuma. Anayejaza rangi nzito kila mahali hupata uso bapa kama sahani.

Shikeni pia kanuni hii ya mafuta: tabaka la chini liwe na mafuta machache, na kila tabaka linalofuata liwe na mafuta mengi zaidi. Tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole na huendelea kujongea. Likiwa chini ya tabaka kavu, lile la juu hupasuka kama tope la mto wakati wa kiangazi.

Hatua ya sita ni macho, mdomo na kingo. Weupe wa jicho si mweupe. Uko chini ya kope, kwa hiyo una kivuli, na rangi yake hukaribia ya ngozi iliyo jirani. Wanafunzi wengi huupaka nyeupe tupu, na mtu huonekana ameshtuka. Mdomo usizungushiwe mstari. Midomo miwili hukutana kwa kivuli tu. Nywele zisichorwe moja moja: chorani umbo lake zima kwanza, kisha nyuzi chache tu palipo na mwanga. Na pale ukingo wa nywele unapopotea gizani, nanyi uacheni upotee. Jicho la mtazamaji litaumaliza lenyewe.

Hatua ya saba ni kungoja. Msipake vanishi mapema. Picha ya mafuta huonekana kavu kwa kidole baada ya siku nyingi, lakini ndani bado. Inafaa kungoja miezi sita au zaidi. Wakati huo geuzeni ubao, na nyuma yake mwandike wazi: "Nakala ya picha ya Rembrandt, iliyoko Berlin," kisha jina la mwanafunzi na mwaka. Mtu akiulizwa kanisani au sokoni kama picha ni yake, ajibu kwamba kazi ya mkono ni yake, na mawazo ni ya mwingine.

5. HOJA YA ELIMO NJAU

Sasa tufike kwenye ile hoja tuliyoiahidi. Elimo Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasoma uchoraji Makerere. Mwaka 1959 alichora picha kubwa za ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika miaka ya vita vya Mau Mau. Humo habari za Bwana, tangu kuzaliwa hata kusulibiwa, zinatendeka katika vilima na miti ya nchi ile, miongoni mwa watu wa Kiafrika. Baadaye, mwaka 1965, alishiriki kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi. Fundisho lake lililojulikana sana ni kwamba mtu asinakili, kwa kuwa kunakili humlaza Mungu usingizi.

Maneno hayo yanauma, na yana haki ya kuuma. Katika makanisa na nyumba zetu nyingi tumetundika Kristo wa chapa za kigeni, mwenye nywele za dhahabu na macho ya samawati, na vijana wetu wameinakili chapa ileile tena na tena bila kuuliza kitu. Mkono ulifanya kazi, moyo ulilala. Watoto wakakua wakidhani kwamba Bwana anafanana na watu wa mbali tu. Kama hiyo ndiyo kazi ya kunakili, basi Njau amesema kweli, nasi tufunge masanduku yetu ya rangi.

Lakini tuangalie tumenakili nini. Picha ya Rembrandt ni ya mtu aliyekataa kunakili uso wa Kristo. Alikuwa na sura iliyorithiwa, tayari kwa kuigwa. Akaiweka kando, akamtazama jirani yake, mtu wa taifa ambalo Wakristo wengi wa Ulaya walilidharau. Mwaka 1648, karibu na wakati ule ule, alichora pia Karamu ya Emau iliyoko sasa Louvre. Sisi tunaijua habari hiyo katika Luka 24: wanafunzi wawili walitembea na Bwana njia nzima wasimtambue, mpaka alipoumega mkate. Walimwona, lakini hawakutazama.

Basi, anayemfuata Rembrandt kwa utii mpaka mwisho hawezi kubaki mnakili. Mwalimu mwenyewe anamshika bega na kumgeuza kutoka ukutani amtazame mtu aliyeketi karibu naye. Mtoto aliyeiga herufi za ubaoni hakufundishwa ili aiandike sentensi ya mwalimu maisha yake yote. Alifundishwa ili siku moja aandike barua yake mwenyewe. Tukiishia kwenye nakala, tumemlaza Mungu usingizi. Tukipita katika nakala hata tukajifunza kutazama, mafundi hao wawili, yule wa Amsterdam na huyu wa Marangu, hawagombani tena.

Kwa hiyo tunasisitiza kwamba somo hili lina sehemu mbili, na nusu yake si somo. Nakala ikikauka, tafuteni ubao wa pili wa kipimo kilekile, mwupake utando uleule wa kahawia. Mwendeeni mtu mmoja wa parishi: mama anayefagia kanisa, mzee wa kengele, kijana anayesukuma mkokoteni. Mwombeni ruhusa kwa heshima, aketi karibu na dirisha, mumchore kwa hatua zilezile saba. Ngozi ya Kiafrika itawadai mchanganyiko mwingine: kahawia na nyekundu ya udongo nyingi zaidi, na mwanga mkali wa paji la uso ambao mara nyingi huegemea ubuluu wa anga kuliko weupe. Rembrandt hakuwaachia jibu la hilo. Hapo itawabidi mtazame wenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kanisa na nyumba zetu kuna picha gani za Bwana? Zinatufundisha nini juu ya watu wanaofanana naye na wasiofanana naye?

2. Mtume Paulo aliwataka Wakorintho waige mwenendo wake (1 Wakorintho 11:1). Kuiga kwa namna hiyo kunatofautianaje na kule alikokukataza Elimo Njau?

3. Kwa nini ni lazima kuandika neno "nakala" nyuma ya picha? Ni katika kazi zipi nyingine, shuleni au ofisini, tunasahau kuandika neno hilo?

4. Taja mtu mmoja unayekutana naye kila Jumapili. Bila kumwangalia, unaweza kueleza umbo la macho yake? Kama huwezi, anza somo lako hapo, Jumapili ijayo, kabla ya kununua rangi.